Bawabu wa Unix na Kasi ya Simu

Wewe, msomaji kijana, ufunguapo kompyuta leo wapokewa na picha na rangi kabla hujavuta pumzi ya pili, wala hapana akuulizaye umekuja kwa mwendo gani. Zamani haikuwa hivyo. Katika miaka ya 1970 na 1980 mtu aliyetaka kutumia kompyuta iliyokuwa mbali naye alipiga simu, akasikiliza mlio mkali sikioni, kisha akangoja mbele ya mashine yake aandikiwe neno moja tu: login. Maana yake ni kama kusema, jitaje ndipo uingie. Lakini mara nyingi neno hilo halikuja. Yaliyokuja yalikuwa mabano, nyota, alama za fedha na herufi zisizosomeka, kana kwamba kompyuta ile imepagawa. Mgeni asiyejua sababu alikata simu akapiga tena, na simu ya pili aliilipia kama alivyoilipia ya kwanza.

Nataka kukueleza habari ya vurugu hiyo, ilitoka wapi na watu waliishindaje. Vita na wafalme wamekwisha pata wanahistoria wa kutosha. Vitu vidogo vinavyoamua kama ujumbe utafika au hautafika havikupata watu wa kuviandikia, nami naona kwamba vimedhulumiwa.

Asili ya mambo haya ni simu ya maandishi. Katika mfumo wa Morse herufi ziliandikwa kwa alama fupi na ndefu, na herufi moja iliweza kuwa fupi sana kuliko nyingine. Sikio la binadamu lilimudu jambo hilo, bali mashine ilitatizika. Fundi wa simu wa Ufaransa, Émile Baudot, alibuni mfumo ambao kila herufi ndani yake ina alama tano zenye urefu mmoja, na kila alama ni ama umeme upo ama haupo. Mashine ikapata kitu inachoweza kukihesabu. Jina la fundi huyo limehifadhiwa katika kipimo: baudi moja ni badiliko moja la alama katika waya kwa sekunde moja.

Mwaka 1963 Marekani ilipata mfumo mwingine wa herufi uitwao ASCII, wenye biti saba kwa kila herufi. Biti ni sifuri au moja, basi. Mwaka huo huo ikatoka Model 33, teletaipu yenye kelele nyingi iliyopokea herufi kwa waya na kuzichapa katika karatasi. Kasi yake ilikuwa baudi 110, lakini usidhani kwamba ilichapa herufi 110 kwa sekunde. Kila herufi ilichukua alama 11: moja ya kuanza, nane za herufi yenyewe pamoja na biti ya ukaguzi, na mbili za kukoma. Gawa 110 kwa 11, utapata herufi 10. Ukurasa mmoja wa herufi 2,400 ulichapwa kwa dakika 4 nzima, na aliyeusoma aliweza kunywa chai yake bila haraka.

Waya za simu ziliwekwa kwa ajili ya sauti ya binadamu. Alama za umeme wa kompyuta hazipiti humo vizuri mpaka zigeuzwe kuwa milio, na milio igeuzwe tena kuwa alama upande wa pili. Chombo kifanyacho kazi hiyo ndicho modemu. Mnamo 1962 kampuni ya simu ya Marekani, AT&T, ilitoa modemu iliyoitwa Bell 103, yenye kupitisha biti 300 kwa sekunde. Aliyepiga simu alitoa mlio wa mitetemo 1,270 kwa sekunde kuwa ndiyo moja, na mitetemo 1,070 kuwa ndiyo sifuri. Aliyepokea alitumia 2,225 na 2,025. Kwa njia hiyo pande mbili ziliweza kusema kwa wakati mmoja katika waya mmoja bila kuzuiana, jambo ambalo wanadamu hawaliwezi hata wakiketi meza moja. Hadi uamuzi wa mwaka 1968 katika shauri la Carterfone, kampuni ile haikumruhusu mtu kuunga chombo chake mwenyewe katika waya zake. Kwa hiyo wengi waliulaza mkono wa simu katika vikombe viwili vya mpira, kimoja cha kusikiliza na kimoja cha kusema, na kelele za chumbani ziliweza kuingia humo zikaharibu herufi.

Sasa lifikirie jambo lenyewe. Pande mbili hizo hazina saa moja. Anayepokea huona mlio umegeuka kutoka moja kuwa sifuri, na hiyo ndiyo alama ya kuanza. Hapo huanza kuhesabu kwa saa yake mwenyewe, akichungulia katikati ya kila biti. Saa yake ikihitilafiana na ya mwenzake kwa zaidi ya sehemu 5 hivi katika 100, atakuwa ameingia biti ya jirani kabla ya herufi kwisha. Je, umepata kuwaona wanawake wawili wakitwanga katika kinu kimoja? Mchi mmoja ukipanda, wa pili hushuka, wala hakuna anayemwamrisha mwenziwe. Wanakwenda kwa mwendo waliopatana. Mmoja akizidisha mwendo peke yake, michi hugongana na mahindi humwagika.

Chukua mtumaji wa biti 300 na mpokeaji aliyewekwa kwa 1200. Biti moja ya mtumaji hudumu kwa muda wa biti nne za mpokeaji. Basi herufi moja humfikia imenyoshwa mara nne, naye huikatakata kuwa herufi mbili, tatu au nne zisizo na maana. Geuza mambo, mtumaji awe wa 1200 na mpokeaji wa 300, utaona herufi kadha zinamezwa na kuwa moja. Kwa sababu hii fundi mzoefu alijua mengi kabla hajagusa kitu. Takataka zikizidi wingi wa maneno yaliyotazamiwa, mashine yake ilikuwa na haraka kuliko mwenzake. Zikipungua, yake ndiyo iliyokuwa mvivu.

Unix iliingia katika mambo haya tangu utoto wake. Ilianzishwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie pamoja na wenzao huko Murray Hill, katika jimbo la New Jersey, ndani ya maabara ya Bell. Maabara hiyo ilikuwa mali ya kampuni ya simu yenyewe, basi si ajabu kwamba kompyuta zake zilifikiwa kwa simu. Kitabu cha kwanza cha maelezo ya Unix kina tarehe ya 3 Novemba 1971, na ndani yake yumo tayari bawabu tunayemtafuta. Ni programu iitwayo getty. Jina hilo lina maana ya kuipata tty, na tty ni mkato wa teletaipu.

Kazi yake ilikuwa hivi. Kompyuta ilipoanza, programu moja iitwayo init ilisoma faili iitwayo /etc/ttys, yenye mstari mmoja kwa kila waya, na mbele ya kila waya uliofunguliwa ilimweka bawabu wake. Bawabu alingoja. Modemu ilipopokea simu, yeye aliweka kasi, akaandika login: na kusoma jina la mgeni. Kisha alimwachia nafasi mwenziwe aliyeuliza neno la siri, na huyo akiridhika alimwachia wa tatu, yaani programu ya kupokea amri. Mgeni alipokata simu, init ilimweka bawabu mpya pale pale. Hapana hata mmoja kati yao aliyefanya kazi mbili. Napenda sana mpango huo, na sijui kwa nini maofisi yetu hayakuuiga.

Ugumu ulikuwa katika kuweka kasi. Modemu ya Bell 103 haikujali kama mgeni anatuma 110, au 150, au 300. Yote ilipitisha sawasawa kama bomba lipitishavyo maji ya moto na ya baridi. Kwa hiyo haikuweza kumwambia bawabu mgeni huyu ni wa kasi gani. Bawabu alilazimika kukisia. Katika toleo la saba la Unix, la mwaka 1979, kila mstari wa faili ile ulianza kwa alama mbili. Ya kwanza ilisema kama waya umefunguliwa au umefungwa, na ya pili ilimwambia bawabu aanzie wapi kukisia. Sifuri iliwekwa kwa waya za simu zilizopigwa na kila namna ya watu: alianza na 300, akishindwa akaenda 1200, kisha 150, kisha 110, halafu akarudi 300. Alama ya 3 iliwekwa mahali ambapo wageni wengi walikuwa wa 1200. Alianza hapo, akaenda 300, akarudi. Alama ya 5 ilikuwa vivyo hivyo ila alianza na 300. Msimamizi aliyeandika alama isiyofaa aliwasumbua watu wote wa waya ule, ingawa kila mashine ilikuwa nzima.

Lakini bawabu atajuaje kwamba amekisia vibaya? Mgeni hawezi kumwambia kwa maneno, maana maneno yenyewe ndiyo yasiyosikilizana. Hapa ndipo nionapo akili kubwa katika kisa hiki. Katika teletaipu kulikuwa na kitufe kiitwacho Break. Kitufe hicho hakitumi herufi yoyote. Hushikilia waya katika sifuri kwa muda mrefu kuliko herufi nzima. Upime kwa kasi yoyote utakayo: mpokeaji ataona alama ya kuanza, kisha sifuri nane, na pale alipotazamia alama ya kukoma atakuta sifuri tena. Mwenye haraka na mwenye pole wote wawili huona kitu kile kile, kwa maana mlio mmoja usiobadilika ni mrefu kwa kila msikilizaji. Bawabu akipokea hivyo alijua kwamba mgeni hamwelewi, akahamia kasi inayofuata na kuandika login: upya.

Basi mgeni wa 1200 alibonyeza Break mara moja. Wa 150 alibonyeza mara mbili, na mwenye Model 33 mara tatu, lakini kila mara ilimpasa kungoja aone kitakachoandikwa. Mwenye papara aliyebonyeza mara tano alikuwa amekwisha pita mahali pake, akarudi 1200, akaiona kompyuta kuwa mbovu. Watu wengi walilaumu simu kwa kosa la kidole chao.

Bawabu huyo alikuwa na desturi nyingine iliyowatesa wengi baadaye. Model 33 haikuwa na herufi ndogo. Kwa hiyo getty alitazama jina la mgeni, na akiona herufi kubwa tupu alihukumu kwamba mgeni ametoka katika mashine isiyojua herufi ndogo, akaiamrisha kompyuta izigeuze herufi zote kwa ajili yake. Huo ulikuwa ukarimu mwaka 1971. Miaka 20 baadaye, mtu aliyesahau kufungua kitufe cha herufi kubwa alijitaja kwa herufi kubwa, na kompyuta ikamjibu kwa herufi kubwa mpaka alipoondoka. Dawa yake ilikuwa kukata simu na kuanza upya. Wengi hawakuijua, wakadhani wanakaripiwa.

Mambo yalibadilika modemu zilipopata akili zao wenyewe. Mwaka 1981 kampuni ya Hayes ya Marekani ilitoa Smartmodem, kazi ya Dennis Hayes na Dale Heatherington. Hii iliweza kuamrishwa kwa maandishi, na kila amri ilianza kwa herufi mbili, A na T. Usidhani zilichaguliwa kwa ajili ya maana tu, ambayo ni kuita usikivu. A katika ASCII ni 1000001, na biti ya mwisho kulia hutumwa kwanza. Basi baada ya alama ya kuanza, iliyo sifuri, mara huja moja. Modemu ilipima urefu wa sifuri ile peke yake, ikajua kasi ya kompyuta inayoiamrisha. Tena A ina moja mbili, idadi ya shufwa, na T, yaani 1010100, ina moja tatu, idadi ya witiri. Kwa kuzilinganisha hizo mbili modemu ilijua hata namna ya biti ya ukaguzi. Herufi mbili zikatoa habari zote zilizohitajiwa.

Ila akili nayo ina balaa lake. Modemu ya namna hiyo ilikumbuka kasi ya amri ya mwisho iliyopewa, na simu ilipokuja ilimsemesha bawabu kwa kasi hiyo. Zaidi ya hayo, ilipenda kurudisha kila neno iliyoambiwa, kama kasuku, na kutangaza kwa maneno kwamba simu inalia au imekatika. Sasa mweke bawabu wa Unix mbele ya kasuku huyo, wala hapana mgeni. Bawabu anasema: Jitaje. Kasuku anajibu: Jitaje. Bawabu anaamini kwamba amekuja mtu aitwaye Jitaje, anamwita mwenziwe aulize neno la siri. Kasuku anarudisha swali la neno la siri. Jibu si sahihi, mgeni anafukuzwa, bawabu mpya anawekwa, na mazungumzo yanaanza tena. Kompyuta ilikesha usiku kucha ikibishana na modemu yake yenyewe, na asubuhi watu walilalamika kwamba kazi zinakwenda polepole. Dawa ilikuwa kuinyamazisha modemu kwa amri mbili, E0 isirudishe maneno na Q1 isitangaze matokeo, na kuiamrisha kwa S0=1 ipokee simu baada ya mlio mmoja. Amri ya &C1 iliitaka ionyeshe dalili ya kuunganishwa pale tu mgeni wa kweli alipokuwapo.

Hapa nikutahadharishe kuhusu neno baudi, kwani limetumiwa ovyo. Modemu za biti 2,400 zilizofuata kanuni ya V.22bis ya mwaka 1984 zilibadilisha mlio mara 600 tu kwa sekunde, na kila badiliko lilibeba biti nne. Aliyeziita modemu za baudi 2,400, na karibu watu wote waliziita hivyo, alikosea. Baudot asingemlaumu, nadhani, maana katika siku zake badiliko moja lilikuwa biti moja.

Katika miaka ya 1990 likatokea jambo ambalo ni funzo gumu kwa mafundi wa zamani. Kanuni ya V.32bis ya mwaka 1991 ilifikisha biti 14,400 kwa sekunde, na ile ya V.34 ya mwaka 1994 ikafikisha 28,800. Modemu hizo zilisahihisha makosa na kuyafinya maneno kabla ya kuyatuma, kwa hiyo zilitaka kupokea kutoka kwa kompyuta kwa haraka kuliko waya ulivyoweza. Zikawa na kasi mbili: moja ya upande wa simu, iliyopanda na kushuka kwa kadiri ya ubora wa waya, na moja ya upande wa kompyuta, iliyofungwa mahali pamoja, tuseme 38,400. Kompyuta ikileta mengi mno, modemu iliizuia kwa waya wa pembeni, kisha ikairuhusu tena. Sasa bawabu hakupaswa kukisia kitu. Fundi aliyezoea kumpa orodha ya kasi aliendelea kumpa, mgeni akabonyeza Break kama alivyofundishwa, bawabu akahama kutoka 38,400, na modemu ikabaki pale pale imefungwa. Desturi iliyowaokoa watu mwaka 1979 ndiyo iliyowafungia mlango mwaka 1993. Bawabu mwenyewe hakufa. Katika kompyuta za Linux yumo hata leo, jina lake agetty, na bado aweza kupewa orodha ya kasi, akahamia inayofuata kila apokeapo Break.

Huduma kamili ya intaneti ilifika Kenya mwaka 1995, nayo ilifika kwa simu. Mwaka uliofuata mimi nilikuwa msimamizi wa ofisi ndogo mjini Nairobi, tukiuza maua Ulaya. Barua zetu zilikaa katika kompyuta ya Unix ya watu tuliowalipa kila mwezi. Kila asubuhi tulipiga simu, tukajitaja, tukazisoma katika kioo, tukakata haraka kwa kuogopa gharama.

Mwezi wa Machi tuliletewa kompyuta mpya, na siku hiyo hiyo karani mmoja kijana alihamisha meza pamoja na modemu iliyokuwa juu yake. Asubuhi yake barua zilikuja zimeharibika. Neno login lilikuwa na l, o na i, lakini mahali pa g na n palikuwa na herufi za Kigiriki. Mvua ilikuwa ikinyesha. Kwanza nilisema maji yameingia katika waya, nikaandika barua kali ya malalamiko. Mvua ilipokatika na maneno yasitengemae, nikasema kijana yule ameiangusha modemu. Alikana. Nilimwambia kwamba bei yake itakatwa katika mshahara wake, naye alikuwa akisomesha wadogo zake wawili.

Katika siku hizo ilikuja barua ya mteja wetu mkubwa. Idadi ya masanduku aliyoyataka ilianza kwa kijimstari chenye tawi, kisha 50. Niliogopa gharama ya simu ya ng'ambo. Nikakisia 150, nikayatuma.

Kijana yule hakunijibu kwa maneno. Jioni alikaa na karatasi tulizochapa, akapanga herufi katika safu mbili: zinazofika salama na zinazoharibika. Siku ya tatu alikuja mezani kwangu.

"Mzee," aliniambia, "mvua haichagui herufi. Wala modemu iliyoanguka haichagui. Hii g huharibika kila siku kwa namna moja, na i haiharibiki hata siku moja."

Akanionyesha kitabu chenye jedwali la ASCII, alichokiazima kwa rafiki yake. Herufi ya l ina moja nne, o ina sita, i ina nne. Zote shufwa, zote salama. Herufi ya g ina tano, na n ina tano. Zote witiri, zote zimeharibika. Kompyuta ya Unix ilikuwa ikituma biti saba na biti ya nane ya ukaguzi, iliyowekwa ili jumla ya moja iwe shufwa daima. Kompyuta yetu mpya iliwekwa tangu kiwandani kupokea biti nane bila ukaguzi, ikaihesabu biti ile ya ukaguzi kuwa sehemu ya herufi. Kasi ilikuwa sawa kabisa. Laiti ingekuwa mbaya, hakuna hata herufi moja ambayo ingepona, na hilo peke yake lingetosha kunizindua kama ningalitazama.

Kisha aliniwekea mbele yangu barua ya mteja. Tarakimu 0, 3, 5, 6 na 9 hufika salama. 1, 2, 4, 7 na 8 huharibika. Juu ya barua palikuwa na mwaka, nao ulisomeka kisanduku chenye madoa, halafu 996. Basi moja ni kisanduku chenye madoa. Kijimstari chenye tawi hakikuwa moja, na mtu yeyote aliyeutazama mwaka juu ya karatasi ile angalijua. Alikitafuta kijimstari hicho katika tarehe za barua nyingine, akakikuta katika barua ya tarehe 4. Mteja alitaka masanduku 450.

Tulibadilisha mpango wa programu yetu, ukawa biti saba na ukaguzi wa shufwa. Kazi hiyo ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Neno login likaja zima, na barua ya kwanza kusomeka zima ilikuwa ya mteja yule, akitujulisha kwamba amepata maua mahali pengine na hatatuagizia tena. Nilimwomba kijana radhi mbele ya wenzake, nikafuta deni la modemu. Aliniomba kitu kimoja tu, ufunguo wa kabati nilimokuwa nimefungia kitabu cha maelezo ya modemu, ambacho hapana mtu ofisini aliyekuwa amekifungua, mimi nikiwa mmojawapo.